Sauti ya Jaji Lyle Kinywani mwa Ozella

Ieleweke kwanza, kama Meya wa Corley alivyotangaza kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la mji, Machi mwaka 1960, kwamba watu wa Corley, weupe kwa weusi, wanaishi kwa amani na wameridhika. Kwamba hakuna mkazi mweusi wa mji huu aliyewahi kulalamikia mahali anapokula. Na kwamba fujo yoyote itakayotokea kwenye kaunta za maduka itakuwa imeletwa na wageni wasiojulikana, waliotumwa kutoka mbali.

Ozella Tarver alilisoma tangazo hilo jikoni kwake, akalikunja, akalitandika chini ya mkate wa mahindi uliokuwa bado unafuka moshi. Hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mpishi. Kwa miaka ishirini na miwili alipika nyumbani kwa Jaji Lyle, mpaka jaji alipofariki. Katikati ya miaka hiyo mumewe, Amos, aliangukiwa na magogo kwenye kiwanda cha mbao, na jaji huyo huyo ndiye aliyeamua kwamba kosa lilikuwa la marehemu. Jioni ya hukumu Ozella alimpelekea jaji supu yake, kama kawaida. Wazungu wa Corley hupenda kusimulia habari ya supu ile kama mfano wa maelewano.

Alichobakiwa nacho Ozella ni Verdell, binti yake wa pekee, miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa chuo cha weusi hapo kilimani. Na Verdell alikuwa amejiandikisha.

Aliyejiandikisha alikwenda kila Jumanne na Alhamisi, baada ya masomo, kwenye chumba cha chini cha Kanisa la Baptisti la Gileadi, kujifunza kukaa. Meza ndefu ya shule ya Jumapili ilifanywa kaunta. Nusu ya vijana waliketi, nusu wakawa Wazungu: wakawavuta nywele wenzao, wakawapulizia moshi wa sigara, wakawamwagia maji kichwani. Anayejibu, anayegeuka, anayeinua mkono kupiga, jina lake linafutwa, na hakuna rufaa. Waliobaki ndio watakaokwenda, Jumamosi itakayopangwa, kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Dunmire, inayohudumia Wazungu tu.

Tatizo lilikuwa malezi mema. Vijana wa Gileadi hawakujua kutukana.

"Wewe Lonnie," alisema Clemmon Askew, kijana aliyekuwa akiongoza mazoezi, "ndivyo Mzungu anavyotukana hivyo? Unatukana halafu unaomba samahani?"

"Tunaimba naye kwaya, Clemmon! Jumapili nitamtazama vipi?"

"Jumamosi kwanza. Jumapili itajitetea yenyewe."

Ozella alikuwa pembeni akipakua kuku wa kukaanga. Aliweka mwiko chini, akajifuta mikono, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha bintiye. Alikuwa na hesabu yake, na aliikiri baadaye kwa Shemasi Boykin: Verdell alikuwa na hasira za karibu tangu utotoni. Akivunjika pale, jina litafutwa. Jina likifutwa, mtoto atalala kitandani mwake, mzima. Mama alitaka hilo tu.

Akainama. Kilichotoka kinywani mwake hakikuwa makelele. Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee, ya chini, yenye adabu, inayovuta maneno kama mtu aliyeshiba.

"Binti," ilisema, "nani kakwambia kiti hicho ni chako?"

Kikombe cha Shemasi Boykin kilianguka. Shemasi alikuwa mtunza bustani wa Jaji Lyle, na kaburi la jaji alilichimba yeye kwa mikono yake, futi sita kamili, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kudhani kwamba jambo hilo limekwisha.

Sauti ikaendelea. Ikauliza kama mama yake anajua alipo. Ikasema inampenda mtu anayejua mahali pake. Kisha Ozella akagonga meza mara tatu kwa kidole, kama jaji alivyozoea kugonga kwa pete yake. Ozella hakuvaa pete. Aliiuza mwaka aliofiwa. Watu kumi na wanne waliokuwa chumbani wanakubaliana kwamba walisikia pete.

Lonnie, aliyeketi kiti cha pili, aliinuka akakimbilia nje. Jina lake likafutwa. Verdell alitazama ukuta.

"Dada Ozella," Clemmon alisema, "unaweza kuja tena Alhamisi?"

Alikuja kwa wiki tatu. Majina yakapungua kutoka ishirini na saba hadi kumi na moja. Walivunjika wavulana wa mpira, akavunjika bingwa wa mdahalo, akavunjika mtoto wa mchungaji, ambaye baba yake alisema ni mapenzi ya Mungu na akalala vizuri. Verdell hakuvunjika.

Sauti nayo ikazoea. Asubuhi moja Ozella alifungua kinywa mezani kuomba chumvi, na jaji ndiye aliyeiomba. Alijifunika mdomo kwa kitambaa cha sahani. Alipotazama, Verdell alikuwa amenyoosha mgongo, mikono juu ya meza, macho mbele, kama alivyofundishwa. Hakusogeza chumvi.

"Verdell. Ni mimi, mwanangu."

Verdell alitazama mbele mpaka uji wake ukapoa.

Tangu siku hiyo waliishi hivyo. Mama akisema, binti hajibu, kwani hakuwa na hakika anayesema ni nani. Jirani yao, Bi. Idella, alipita kuazima unga, akatoka haraka bila unga. "Nyumba ile," alisema, "ina watu watatu."

Alhamisi ya mwisho Ozella alitumia silaha aliyokuwa ameiweka akiba. Alisimama nyuma ya kiti, na kwa sauti ile ya mtu aliyeshiba akasoma hukumu ya Amos Tarver, neno kwa neno, kuanzia saa ya ajali hadi mahali panaposema marehemu alikuwa mzembe na familia yake haidai kitu. Hakuwahi kuiona karatasi hiyo. Aliisikia mara moja tu, akiwa mlangoni na bakuli la supu, jaji akiisoma kwa wageni wake.

Mkono wa Verdell uliinuka juu ya meza, kama upana wa kiganja. Chumba kizima kiliuona. Ukakaa hewani. Kisha ukashuka wenyewe, polepole, ukalala.

Hapo Ozella alilia, kwa sauti yake mwenyewe. "Nijibu! Verdell, nijibu mama yako, nakuomba!"

Verdell alitazama ukuta.

"Anakwenda," alisema Clemmon, kwa unyonge wa mtu anayetangaza msiba.

Jumamosi saa nne asubuhi waliingia kwa Dunmire, vijana kumi na mmoja wamevaa nguo za ibada, wakaketi. Mhudumu aliondoa vyombo vya sukari kimoja kimoja. Kisha mtu akazima taa za kaunta. Wazungu walijaa nyuma yao mpaka mlangoni, na jambo ambalo waliokuwepo hawapendi kulikumbuka ni ukimya. Hakuna aliyetukana. Ilisikika mashine ya barafu tu.

Ozella alisimama nje, kwenye dirisha la duka, kati ya Shemasi Boykin na bango la sabuni. Aliona kijana wa Kizungu, mwenye nywele zilizochanwa vizuri, akijipenyeza na kuinama kwenye sikio la Verdell. Kioo kilikuwa kinene. Shemasi hakusikia kitu kutoka ndani. Alisikia kando yake, kutoka kwa Ozella, ambaye midomo yake ilikuwa ikienda sambamba na ya yule kijana:

"Binti, nani kakwambia kiti hicho ni chako?"

Watu wenye akili watasema kijana yule alikuwa mjukuu wa Jaji Lyle, alikulia mezani pake, na maneno hurithiwa kama pua. Ni kweli. Verdell mwenyewe alisema baadaye kwamba hakudhani ni mjukuu wala babu. Alidhani ni mama yake, na yeye alikuwa hamjibu mama yake tangu wiki ile ya chumvi. Akatazama mbele. Yule kijana alimmwagia kahawa shingoni, akatazama mbele. Alimsukuma hadi sakafuni. Verdell akapanda kitini tena, akaweka mikono juu ya kaunta.

Nje, Ozella alifunga mdomo. Shemasi anasema sauti ile haikutoka tena kwake, hata alipopiga chafya.

Polisi waliwatoa wote kumi na mmoja na kuwapeleka kituoni. Ozella alifuata kwa miguu, akasimama mlangoni na taulo la shingo ya bintiye. Verdell alimwona.

"Inaniunguza, Mama," alisema.

Sajenti wa zamu alitandaza fomu kumi na moja mezani, akazijaza moja baada ya nyingine: jina, jina la baba, mtaa, rangi ya nyumba. Alimaliza kwa muda mfupi. Hakumuuliza yeyote kati ya wageni hao wasiojulikana swali lolote.