Kona iliyopinda Kilema, na masale niliyong'oa Uru

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenipata mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi la saba sikumaliza, lakini miaka ya tisini ukiuliza Moshi mjini nani anafyatua matofali ya saruji, unaletwa kwangu. Pikapu mbili, zote zangu.

Kwetu Uru nikamjengea mzee wangu bonge la nyumba. Ukuta, geti la chuma. Ili ukuta unyooke, nikang'oa masale, ile mimea ya mpakani aliyopanda marehemu bibi.

Baba hakugomba. Alibaki tu kwenye kijumba chake migombani. Miaka mitatu hakukanyaga getini.

Siku moja dereva wangu anaumwa, nikawapeleka mwenyewe wageni waliokodi pikapu hadi Kilema. Walitaka kutembezwa kwa miguu hadi nyumba ya mzungu aliyechora majengo ya misheni, karne ile ya kumi na tisa. Aliyetutembeza ni Mwalimu Eligia, mama mstaafu.

Tukafuata mfereji, tukafika. Kazi ya mawe ile, hata mimi niliisifu.

Kidogo tu. Nikaona kona ya nyuma imepinda.

"Mwalimu, siku hiyo fundi wenu alishapiga mbege!"

Hakucheka. "Hakulewa, baba. Hapa palikuwa na masale ya jirani. Jirani mwenyewe akakataza yasiguswe. Mzungu akafuta ramani, akachora upya."

Masale bado yapo, yanagusa dirisha.

Nikakaa chini. Mgeni kapisha. Mimi mjukuu nikang'oa.

Wasiojua: kwetu Uchaggani ukimpelekea isale uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Sasa mimi nyumbani nilishayamaliza!

Nikamwomba Mwalimu moja.

"La nani?"

"La baba."

Akanichagulia lenye shina. "Hili litashika."

Nilimkuta mzee anamkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo baba." Nikalinyoosha kwa mikono miwili.

Akalitazama weee. "Umelitoa wapi, na wewe uliyamaliza?"

"Kilema."

"Mpaka Kilema! Tajiri mzima anaombaomba majani!" Akacheka hadi akakohoa. Mimi machozi yananitoka.

"Haya, lete jembe."

Tukalipanda palepale pa bibi. Ukuta nikauvunja upande ule, nikaupindisha. Ulipokauka, baba akapita getini, kigoda chake mkononi.

Nilichojifunza: kabla hujanyoosha ukuta, uliza kilichopo kapanda nani.

Ukipita Uru ukakuta ukuta umepinda, usiseme fundi alilewa. Fundi ni mimi.

Nanyi wakuu, mzee wako ulimrudia vipi? Semeni, nasoma zote.