Mke Wangu Juu ya Paa la Mama

Mke wangu Gladys ni fundi wa mabati, na watu wa Ekerenyo wamenichosha. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko mkabala na duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kila anayekuja kununua misumari lazima apitie kwangu kuuliza, "Mose, kwenu mwanaume ni nani?" Huwa nawaambia waangalie vitambulisho vyetu. Wanacheka, wanaenda, na kesho wanauliza tena.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hao hao ndio humwita wakijenga. Gladys ameezeka nyumba kuanzia hapa mpaka Nyamira mjini. Ameezeka hata kanisa letu, na siku ya kulifungua mzee wa kanisa alimsifu mbele ya washiriki wote akasema dada huyu ni mwanaume kamili. Gladys alikuwa amevaa gauni la zambarau nililomshonea mwenyewe, kucha amepaka rangi. Alirudi nyumbani amenuna.

"Mwanaume kamili," akasema, akitupa mkoba kitandani. "Na hii gauni yote?"

Anapenda mambo ya kike, huyu mama. Hapandi ngazi bila hereni. Akijigonga kidole analia, machozi kabisa, kisha anapigilia msumari unaofuata. Sijui ni nini kigumu kuelewa hapo.

Basi Aprili ikaja mvua ya mawe yenye upepo mkali. Ililaza migomba, ikachanachana majani chai, ikang'oa mabati ya upande mmoja wa nyumba ya mama yangu, Bitutu, ambaye tunaishi naye boma moja. Mama ana miaka sabini na kitu, na kifua kibovu. Kuja kulala kwetu haiwezekani, maana kwetu sisi Abagusii mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mama angelala nje na ng'ombe kabla ya kuvunja mwiko huo. Tukamsogezea kitanda kwenye pembe iliyobaki kavu. Alikohoa mpaka tukamsikia tukiwa kwetu.

Asubuhi Gladys akaleta ngazi. Mama akatoka na mkongojo wake, akasimama mbele ya ile ngazi.

"Hapana, Mama Bochaberi," akasema. Bochaberi ni binti yetu. "Mwanamke akipanda juu ya nyumba ya boma la bwana yake, bwana anakufa."

"Mama, nimepanda nyumba ya watu wote hapa, na hakuna bwana amekufa."

"Hiyo ni ya watu. Hii ni ya sisi."

Hakuna aliyemweza. Hata nyumba yetu sisi iliezekwa na watu wa kuajiriwa, Gladys akiwapigia kelele kutoka chini. Nikaenda sokoni kutafuta fundi. Angwenyi, ambaye huwa hana kazi, alinicheka waziwazi. "Fundi unalala naye kitanda moja, halafu unakuja kunisumbua mimi?" Wengine nao wakasema hivyo hivyo. Nikarudi nimewakasirikia wote, na wingu lilikuwa limeshatanda. Mama akasema basi nipande mimi, si ni mwanaume?

Mimi naogopa kupanda juu. Gladys anajua, na mama aliyenizaa anajua vizuri zaidi. Lakini akakohoa tena, nikapanda. Nilipofika kwenye mabati nilitazama chini mara moja tu, nikalala kifudifudi nikayakumbatia. Nyundo ikateleza, nusura iue kuku.

"Shuka," mama akasema.

"Siwezi."

"Basi endelea."

"Siwezi, mama!"

Gladys alijifunga leso kiunoni akapanda bila kuomba ruhusa ya mtu. Mama akapiga ukemi. Gladys akanishika kisigino, akanishusha kipandio kimoja baada ya kingine, akinibembeleza kwa sauti ile ile anayombembeleza nayo ng'ombe wakati wa kukama, mpaka nikakanyaga chini. Yeye akabaki juu.

"Nimeshapanda, nimeshapanda," akasema. "Nipee nyundo."

Nikampa. Mama akakaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimefura kwa hasira, nikamwambia kwa ukali kwamba mambo haya ya zamani yatamuua yeye kwanza kabla hayajaniua mimi.

Kule juu Gladys alikuwa akitambaa kwenye upande ambao upepo haukuung'oa.

"Mama, nani alipiga misumari ya huku? Imepigwa mbili mbili, na chini ya kila moja kuna kipande ya mpira ya sandali. Haijapitisha maji hata kidogo. Huyo fundi alikuwa nani?"

Nikamjibu kwamba lazima ni baba.

"Baba yako alikuwa Kericho kwa kazi ya majani chai," mama akasema. "Ni mimi."

Akasimulia akiyatazama matope. Upepo ulikuwa umefunua nyumba, mimi na dada zangu tulikuwa wadogo na tumelowa chapachapa, na shemeji zake walisema watakuja kesho. Akapanda mwenyewe. Ule mpira aliukata kwenye sandali zake, jozi pekee aliyokuwa nayo. Hakuna aliyemwona. Mwezi uliofuata baba aliletwa kutoka Kericho akiwa maiti, baada ya homa ya siku chache.

"Nilimuua," mama akasema. "Miaka hii yote nimelala chini ya hiyo misumari."

Hasira ilikuwa bado imenijaa, ila sasa haikuwa juu ya mama. Niliwakasirikia baba zangu wadogo na kesho yao. Nilimkasirikia hata baba, Mungu anisamehe, kwa kufa mwezi ule.

Gladys akaja mpaka ukingoni mwa paa. "Mama, ilikuwa ni homa tu."

Mama akatikisa kichwa. "Shuka, mwanangu. Mimi nilizika bwana yangu. Sitaki wewe uzike wako."

Matone yakaanza kugonga mabati. Gladys hakushuka, wala hakuinua nyundo. "Sema wewe, mama," akasema kwa upole. "Ukisema nishuke, nashuka."

Mama akanivuta mkono nikachuchumaa. Akaweka kiganja chake kifuani mwangu, akakiacha pale.

"Unaumwa mahali?"

"Hapana."

"Kichwa?"

"Hapana, mama. Ni njaa tu."

Akanikazia macho kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya. Kisha akasema, "Simama pale, nikuone. Usiende mahali." Akapaza sauti kuelekea juu ya paa: "Maliza!"

Nikasimama pale aliponionyesha. Nyundo ikaanza kulia, na kila ilipolia mama alinitazama usoni. Mvua ikakolea, ikaniingia shingoni mpaka mgongoni. Pua ikaanza kuniwasha, chafya ikanijia, nikaizuia kwa nguvu zangu zote.