Ngoma za Unguja Zilipolegea Bigwa

Naikumbuka vizuri ile siku, mdogo wangu Zuhura. Wewe ulikuwa bado kitoto, umelala chumbani kwa bibi na punje za pilau mdomoni. Dada yetu Mwajuma alikuwa anaolewa na Salum wa Unguja, na wakwe zake waliomba jambo moja tu: bibi harusi asitoke ndani mpaka apigiwe kidumbak, ngoma ya kwao. Mama akakubali. Wakaja nazo mpaka huku kwetu Bigwa juu: ngoma mbili ndogo za udongo, fidla, na sanduku la mbao lenye kamba moja, linanguruma kama besi.

Kumbe mvua ya huku milimani hawaijui. Ilinyesha toka asubuhi, ukungu ukaingia hadi sebuleni, ngozi zikalegea. Mzee Haji, baba yake mdogo Salum, akagonga ngoma. Ikalia kama papai lililooza. Vijana wakacheka. Shangazi yake Salum hakucheka hata kidogo.

Mzee Haji akaomba moto wa kukazia ngozi. Kuni zote mbichi, moshi mtupu. Nje dereva wa gari la harusi anapiga honi, njia ya kushukia mjini inazidi kuteleza. Ndani Mwajuma amejifunika, analia chini chini. "Nikitoka kimya kimya," akaniambia, "mawifi watanisema mpaka nizeeke."

Unanijua, mimi subira sina. Nikachukua spika, nikaiunga na simu. "Babu, tuweke tu ya kwenye simu, fasta, watu waondoke."

Mzee Haji akanitazama. "Mwanangu, mie nimevuka bahari na vigoma hivi mapajani, natapika njia nzima. Simu hata kwetu zipo. Hebu nitafutie mkaa."

Watu wakaangua kicheko, bibi wa kwanza. "Nenda kwa mama Chiku! Jiko lake la maandazi halizimiki!"

Nikakimbia, tope mpaka magotini, nikarudi na jiko nimelishika kwa matambara. Nikataka kuzisogeza ngoma karibu kabisa ziwahi kukaza. Mzee Haji akanidaka mkono. "Pole pole! Ikipasuka hii, tutapiga tumbo lako?"

Ikabidi tusubiri. Anaizungusha ngoma juu ya joto, anagonga, anasikiliza, anazungusha tena. Yule wa sanduku akachoka kukaa bure, akaanza kuvuta kamba. Bibi akampokea na makofi ya kwetu ya Kiluguru, wenzake wakaitikia. Shangazi yake Salum akajifunga kanga kiunoni, akaingia katikati. Ndipo ngozi zikaita, kali, mpaka nyumba ya pili. Mwajuma akatoka, mawifi wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa juu ya ndoo, nikashusha pumzi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukataliwa.

Sasa na wewe umeingia kikundi cha ngoma shuleni, nakwambia hivi. Mtu akikuletea ngoma ya kwao, usimpe cha haraka ili tu shughuli iishe. Muulize anahitaji nini, halafu kimbia ukalete. Na ya kwetu usiionee haya, ikipata nafasi iingize.

Mungu akupe masikio ya kusikiliza zaidi kuliko niliyokuwa nayo mimi, akupe na watu wa kukurudisha ukikosea. Na siku yako ikifika, pande zote mbili wakuchezee mpaka wachoke wenyewe. Amina.