Baridi Ilipoingia Chumba cha Mijusi

Ndugu zake walimwita Kiherehere, maana tangu utotoni hakujua kukaa kitako. Kazini, kwenye chumba cha wanyama cha chuo cha ualimu, tabia hiyo ilimfaa. Kutwa alizunguka masanduku ya vioo, mara abadilishe maji, mara asogeze mawe, mara achungulie mijusi wake.

Siku moja ya mapumziko alikuwa kwa dada yake, amempakata mtoto mchanga. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali, na ghafla umeme ukakatika mtaa mzima.

"Mbona umemkaza mtoto hivyo?" dada akauliza.

"Mijusi hawana taa za kuwapa joto."

"Si wana magamba?"

"Magamba si sweta, dada. Sisi miili yetu inajipasha yenyewe. Wao joto wanalipata nje. Wakipoa, hata chakula hakisagiki tumboni."

"Haya, nipe mwanangu uende. Hapa umekalia misumari tu."

Alikwenda akitembea nusu, akikimbia nusu. Alikuta chumba kimya. Mijusi walikuwa wamegeuka rangi ya mkaa, wamelala kama vijiti. Alipomgusa dume mzee mwenye kichwa chekundu, hakufumbua hata jicho.

Umeme uliporudi, Kiherehere hakungoja. Aliwasha taa zote, akaongeza ya akiba, akaziba matundu ya vifuniko kwa magazeti, kisha akatoka kuteka maji. Bombani palikuwa na foleni. Akasimama akibadilisha mguu, huku akitazama mlango wa chumba.

Aliporudi, jike mmoja alikuwa akihema kinywa wazi, na wengine wanaparamia vioo wakitafuta pa kutokea. Akayang'oa magazeti.

Fundi umeme wa chuo, aliyekuja kukagua waya, akasimama mlangoni. "Mama, unawapika?"

"Walikuwa wamepoa! Ningefanyaje?"

"Wewe ukiota moto ukaungua, si unarudi nyuma? Sasa hawa warudi wapi?"

Kiherehere akaizima taa ya akiba. Jambo hilo alilijua. Hofu ndiyo iliyomsahaulisha. Wakasaidiana kusogeza taa zote upande mmoja, na upande wa pili wakaweka vigae vya kuleta kivuli. Taratibu mijusi wakaanza kujipanga wenyewe: huyu anaota chini ya taa, akishiba joto anahamia kivulini, baadaye anarudi. Yule jike akafumba kinywa.

Dume mzee hakuamka.

Akampigia simu mwalimu wa baiolojia. "Niambie ukweli, mwalimu. Ni baridi, au ni mimi?"

"Huenda alikwisha kabla hujafika. Huenda siyo. Siwezi kukudanganya."

Alimfunika dume kwa kitambaa. Kisha akavuta kiti, akakaa, akainuka, akaenda kugusa kioo kwa kiganja upande wa taa, akazunguka kugusa na upande wa kivuli.

"Pumzika basi, mama," fundi akamwambia.

"Napumzika," akajibu, huku akilizungukia sanduku lingine.