Mfenesi Uliokataa Kuahidi

Bibi Sita ana ulimi mkali, na anayeuonja wa kwanza kila asubuhi ni mimi. Tunapakana. Mtaro mmoja tu unatutenganisha hapa kisiwani Cồn Lác, na tangu nilipoolewa huku sijapanda kitu asikitie dosari.

"Nane!" ataniita kutoka upande wake, maana mimi ni wa nane kwetu kama yeye alivyo wa sita kwao. "Hizo ni bilinganya au gololi za watoto?"

"Ni bilinganya, dada."

"Pole zake."

Kabla sijapata la kumjibu, ameshanirushia mung'unye mkubwa, wa kutosha mimi na mume wangu na mgeni akitokea. Ndivyo alivyo. Ukimwambia asante anakasirika, anasema utazitia mboga nuksi.

Jina lake halisi ni Nhạn, lakini aliyekuwa akimwita hivyo ni mumewe, mzee Đởm, peke yake. Alikuja kisiwani akiwa bibi harusi mwembamba, akakuta matete na tope. Yeye na mzee Đởm wakachimba mitaro kwa majembe, tope wakalitupa juu likawa matuta, maji ya mto yakapata njia na miti ikapata pa kusimama. Bustani zetu zote zimezaliwa hivyo. Na haziishi kuzaliwa, kwa sababu kila kiangazi lazima ushuke mtaroni uzoe tope upya uyapake matuta, la sivyo mvua mbili tatu tu zinakurudishia matete yako. Mimi huifanya kazi hiyo nikinung'unika. Bibi Sita huifanya akiimba, na anaimba vibaya.

Ukitaka kumjua, angalia alivyopanda. Mchaichai na pilipili viko mlangoni mwa jiko, mkono unavifikia bila miguu kutoka ndani. Migomba iko nyuma, pale panapomwagwa maji ya vyombo. Mamung'unye hayapewi hata shubiri moja ya tuta. Ameyajengea uchanja wa mianzi juu ya mtaro, yananing'inia juu ya maji, na chini yake samaki wanakula wadudu wanaoanguka. Mstafeli uko karibu na lango, kwa ajili ya sinia ya matunda ya mwaka mpya, na mtu asithubutu kuugusa kabla ya hapo. Nyuma ya jiko, kwenye tuta la kwanza kabisa walilolichimba, uko mfenesi. Mzee Đởm aliupanda mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pekee, Khiêm.

Mfenesi huo ulikuwa ukizaa mpaka aibu. Mafenesi yalibanana kwenye shina tangu chini, mengine yakigusa ardhi, na msimu wake sisi majirani tulikuwa tukijificha ili tusipewe tena. Kisha mwaka juzi mzee Đởm akafa. Kwetu mwenye bustani akifa, miti nayo huvishwa msiba: kila mmoja hufungwa utepe wa kitambaa cheupe, ujue kwamba bwana wake ameondoka, usije ukanyauka kwa kumngoja. Bibi Sita aliifunga miti yote kwa mkono wake. Kitambaa kikaisha kabla hajafika nyuma ya jiko. Akasema atamalizia kesho, na kesho yake wageni wa matanga wakawa wengi, keshokutwa vilevile, na mfenesi ukasahaulika. Tangu hapo haujatoa hata tunda moja. Hakuna mtu kisiwani anayeona ajabu. Mti umenuna, na una haki.

Yote hayo Bibi Sita angeyabeba. Kilicholeta maneno ni kuanguka kwake.

Ilikuwa masika yaliyopita. Asubuhi ile sikutukanwa, nikajua kuna jambo. Nikaenda ng'ambo, nikamkuta mtaroni chini ya uchanja wa mamung'unye, tope limemfika kifuani, mguu umevunjika, amelishika shina la nyasi kama mtu anayeogopa kuibiwa. Tangu lini alikuwa pale hakutaka kusema. Alichoniambia ni: "Umechelewa, na umevaa kandambili moja." Ilikuwa kweli.

Mfupa uliunga. Lakini Khiêm hakupata usingizi tena. Khiêm anatengeneza majokofu mjini Cần Thơ, anaishi na mkewe ghorofa ya tatu, na sitaki mtu amwone mbaya, kwa sababu si mbaya. Kila akija anamletea mama yake dawa ya kuchua na kumkata kucha za miguu. Alisema mama yake ahamie kwake kabla ya mvua nyingine kuanza. Bibi Sita akasema mvua zitaanza na yeye hapa. Wakaenda hivyo miezi, kwa simu, mpaka nikawa najua zamu ya kila mmoja kulia.

Basi ikafika siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda ya mwandamo, sikukuu yetu ya kuua wadudu, na Khiêm akaja. Asubuhi tulikula kwa Bibi Sita, kama kila mwaka: wali mtamu uliochachushwa, ambao huwalewesha minyoo tumboni, na vibumunda vya mchele vilivyofungwa kwa majani ya mwanzi. Tulikuwa watu wanne, yeye na mwanawe, mimi na mume wangu Bửu.

"Mama, chumba kiko tayari," Khiêm akaanza, kibumunda hakijamshuka. "Kina roshani. Nimekuwekea na madumu ya udongo, upande mboga zako."

"Dumu ni la mafuta, mwanangu."

"Mama, usinifanyie mzaha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukianguka tena, mimi nitafika saa ngapi?"

"Nane yupo."

"Shangazi Nane ana nyumba yake. Naye hazidi kuwa kijana."

"Hilo kweli," Bibi Sita akasema, akanitazama. "Amezeeka vibaya."

Nilitaka kusema neno, lakini neno gani? Nilitaka abaki, kwa sababu bila yeye asubuhi zangu zingekuwa za bubu. Na nilimwogopea, kwa sababu mimi ndiye niliyemwona topeni. Nikajaza mdomo wali.

Bibi Sita akafuta mikono yake. "Haya. Tumalize. Leo adhuhuri tutauhoji mfenesi wa baba yako. Ukiahidi kuzaa, nabaki niungoje. Haiwezekani mti utoe ahadi halafu mimi niuhame. Ukikataa, kesho nafunga mzigo wangu naenda na wewe, na sitasema neno."

"Kweli, mama?"

"Mbele ya Nane na Bửu."

Nikamwangalia mume wangu, mume wangu akaangalia chini akitabasamu. Ujanja wote niliuona hapo. Adhuhuri ya siku hiyo, mti usiozaa huhojiwa: mmoja hupanda juu kuwa mdomo wake, mwingine husimama chini na panga na kuutisha. Na mti haujawahi kukataa. Tangu kisiwa kiwe kisiwa, kila mti umelia, umeomba radhi, umeahidi. Ndio mchezo wenyewe. Na anayepanda siku zote ni Bửu wangu, ambaye hutoa machozi ya kweli. Mwaka mmoja aliulilia mbalungi wa watu mpaka mwenye mbalungi akalia naye. Bibi Sita alikuwa ameshaongea naye tangu jana yake.

"Sawa," Khiêm akasema. "Lakini nitapanda mimi."

"Wewe?"

"Mimi na huo mti ni umri mmoja. Nani ataujua zaidi?"

Bibi Sita akaanza kukusanya majani ya vibumunda. Angemkatalia vipi mtoto asipande mti wa baba yake? Alikuwa ametega mtego, akausahau mguu wake mwenyewe.

Jua lilipofika utosini majirani walishajaa nyuma ya jiko, wanakula vibumunda na kutupa majani ovyo. Khiêm alivua viatu vya mjini akapanda. Alikaa kwenye panda ya matawi, na kwa chini tulimwona nyayo tu.

Bibi Sita akaupiga mti kwa mgongo wa panga. "Wewe mfenesi! Maji unakunywa, tope unalishwa kila kiangazi, mwanga wa jiko langu umeuchukua wote. Mbona huzai?"

"Naumwa, bibi," Khiêm akajibu kutoka juu.

"Unaumwa nini?"

"Uzee."

"Uzee! Umri wako na wa mwanangu mmoja, na yeye hata kuoga mpaka akumbushwe!"

Watu wakacheka, na Bửu akacheka kuliko wote kwa wivu. Bibi Sita akaupiga tena, lakini pigo hili halikuwa na nguvu.

"Au ni kitambaa? Siku ile nilipowafunga wenzako, nikakusahau wewe. Ni hicho?"

Kicheko kikafa. Hilo hakuwahi kulisema mbele za watu. Kutoka juu sauti ikaja ndogo: "Hicho nilishakusamehe, bibi. Ulikuwa umefiwa."

Nililia hapo, nasema wazi. Na si mimi peke yangu.

Bibi Sita akavuta pumzi. "Basi mwaka huu utazaa?"

"Hapana."

Watu waliguna. Bửu akaruka mbele. "Wee Khiêm! Mti haujibu hivyo! Shuka, hujui kazi!"

"Huu umejibu hivyo," Khiêm akasema. "Mama alisema ukikataa, anakwenda."

Bibi Sita alisimama na panga lake. Mkataba alikuwa ameutamka mwenyewe, mashahidi tuko, na yeye si mtu wa kula maneno yake. Nikaanza kumhesabia vitu vya kufunga: sufuria, picha ya mzee Đởm ya kwenye madhabahu ya nyumbani, majembe ambayo huko mjini yangefanya nini sijui. Kisha akaugonga mti tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

"Sijamaliza kukuhoji," akasema. "Ukikataa kuzaa hapa, basi nitakung'oa. Nitakupeleka mjini, nikupande kwenye dumu, roshani ya ghorofa ya tatu. Jua lipo. Maji ya bomba yapo. Watakumwagilia vizuri, watu wema sana. Huko utazaa?"

Nyayo za Khiêm zikasuguana.

"Nakuuliza, mfenesi. Huko utazaa?"

"Hapana," akasema hatimaye.

"Utafanya nini?"

"Nitakauka."

Bibi Sita akashusha panga, na nikadhani yamekwisha, ameshinda. Lakini nyayo za Khiêm zilibaki palepale.

"Na mimi nina neno, bibi," sauti ikasema. Mti hauna kawaida ya kuhoji, ila nani angemkatiza? "Mimi ni mti. Mwenye bustani akianguka tena mtaroni, nitajua. Nitakuwa nimesimama huku nikijua amelala topeni peke yake, na sina miguu ya kwenda kumwinua. Unataka nisimame hivyo miaka mingapi?"

Panga lilimtoka Bibi Sita mkononi. Alilitazama chini kama si lake.

"Shuka, mwanangu."

"Sishuki mpaka nijibiwe."

"Niliogopa," akasema. Sijawahi kumsikia akitumia neno hilo hata siku moja. "Siku ile niliogopa sana. Hata huyu Nane sikumwita. Nilikuwa nakuita wewe, usiku kucha, na huku najua hunisikii."

Juu kulitoka sauti ambayo Bửu, na ufundi wake wote wa kulia, hajawahi kuitoa.

"Sasa sikiliza," Bibi Sita akaendelea, sauti yake ikirudia ukali wake, au akiilazimisha irudi. "Nikija kwako, utaniokota kila siku. Asubuhi utaniokota kitandani, jioni utaniokota pale roshani kwenye madumu yako. Hapa, nikianguka, utaniokota mara moja tu. Chagua mwenyewe. Mimi ahadi yangu niko nayo, ukisema twende, kesho nakwenda."

Majirani wakaanza kuondoka bila kuagana, kama watu wanaotoka msibani. Mimi nilibaki, maana nyumbani kwangu ni pale pale, ningekwenda wapi?

Khiêm alishuka polepole, akitafuta kwa vidole vya miguu zile sehemu alizozikanyaga alipokuwa mdogo. Hakusema amechagua nini. Alimshika mama yake kiwiko, wakaenda hivyo mpaka mlangoni mwa jiko, na Bibi Sita, ambaye hashikwi na mtu, akakubali kushikwa.

Asubuhi iliyofuata kivuko kilipokuja, Khiêm alipanda peke yake. Mama yake alimsindikiza mpaka gatini, nami nyuma yao, na kivuko kilipoondoka Khiêm hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, amegeukia kisiwa, mpaka nikashindwa kumtofautisha na nguzo ya kivuko.