Chupa ya Maji ya Kisima cha Kiuyu

Niliondoka Kiuyu, kijijini kwetu, kwa ubishi. Kisima chetu kilinuka dawa hata chai hainyweki. Sheha wetu, Mzee Hamadi, kiongozi wa kijiji, alisema dawa haijatosha, na Alhamisi baada ya alasiri angemimina klorini mara mbili ya kawaida. Nikasema tuyapime maji kwanza. Watu walicheka, maana mimi huwa sisemi.

Alhamisi alfajiri nilijaza chupa, nikaifunga kwa kanga, nikapanda gari ya Chake Chake nikayapimishe.

Njiani, pale Ole, gari ilisimama kuteremsha mihogo. Bibi aliyekaa karibu yangu akauliza, "Maji ya Zamzamu hayo, mwanangu?"

"Maji ya kisima, bibi."

"Kwani Chake hakuna maji?"

Wakacheka. Nikaikumbatia chupa yangu.

Chake Chake nilifika saa tatu. Mpimaji wa maji alitia kidonge kwenye kichupa chenye maji yangu. "Klorini ingekuwamo, yangegeuka rangi ya waridi." Yakabaki meupe vilevile. "Dawa imekwisha, harufu imebaki. Mnaosha nini pale kisimani?"

Mama yangu huosha dagaa pale kabla ya kuwachemsha, na mimi ndiye humtekea maji. Nikamwambia.

"Basi ni hao dagaa," akasema. "Maji ya dagaa yanarudi kisimani. Samaki akioza, nyama yake huvunjikavunjika ikawa vitu vidogo viitwavyo asidi amino. Klorini huishia kwenye vitu hivyo, isiwafikie vijidudu, na hapo huzaliwa kemikali nyingine zenye harufu."

"Tukizidisha dawa?"

"Mtazidisha na hizo kemikali, na baadhi si nzuri kunywewa miaka nenda miaka rudi. Ondoeni uchafu, safisheni kisima, kisha tieni dawa kwa kipimo. Kwa sasa chemsheni maji."

Kiuyu nilirudi watu wakitoka msikitini kusali alasiri. Ndoo ya klorini ilikuwa tayari kando ya kisima. Nikaketi juu ya mfuniko wa kisima.

"Ondoka, mtoto," akasema Mzee Hamadi.

"Siondoki, Mzee. Dawa inaliwa na maji ya dagaa wetu."

"Ulimi umeununua Chake?"

Mama, aliyekuwa pale na tenga lake la dagaa, akaja juu. "Wanivua nguo mbele za watu?"

"Nimejivua na mimi, mama. Maji ya kuoshea dagaa nateka mimi."

Sauti ilinitetemeka, lakini sikuinuka. Mama alinitazama, kisha akalinyanyua lile tenga, akanitwika.

"Haya, tukaoshe pwani. Kila siku utabeba wewe."

Mzee Hamadi akaifunika ndoo.

Nimejifunza kwamba dawa haisafishi uchafu tunaourudisha wenyewe, na kwamba mtu anaweza kutetemeka na bado asiondoke.