Fundi wa Majiko Asiyeingia Jikoni

Mithika wa Kinoru alikuwa ametengeneza majiko kwa miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuketi jikoni hata siku moja. Msimcheke kwanza. Kwa Wameru, kijana akishatahiriwa, jikoni kwa mama yake ni mahali pa kupita mbali. Anapikiwa, analetewa, anakula, anashukuru. Mithika alitoka jikoni kwa mama yake akiwa kijana, akahesabiwa mwanamume, na huko nyuma hakugeuka. Halafu, dunia haina haya, akawa fundi wa bati, na kazi iliyomlisha ikawa majiko.

Mwaka wa 1986 alibuni jiko la kuni la bati nene, lenye udongo ndani na mlango mdogo chini. Lilikula kuni chache na moshi wake ulikuwa haba. La kwanza kabisa alimpelekea mama yake, Igoki, kwa sababu ya macho. Mama huyo alikuwa akilia bila msiba. Macho yalikuwa mekundu, yakitiririka tangu asubuhi, na muuguzi wa zahanati alisema bila kuficha kwamba ni moshi wa mafiga. Akiuacha atapata nafuu. Asipouacha, atakuja kushikwa mkono hata akienda chooni. Maneno hayo ya mwisho Mithika alitembea nayo kila mahali.

"Jiko zuri sana, mwanangu," Igoki alimwambia. Kila Jumamosi alipokwenda kumwona alilikuta karibu na mlango, limepanguswa likang'aa. Lakini macho yalizidi kuwa mekundu.

Cicily, mke wake, ndiye aliyetoboa siri. "Baba Mwirigi, lile jiko lako kuku anataga ndani. Mama hulitoa tu akijua unakuja."

"Kwa nini halipikii?"

"Lilianguka na sufuria nzima ya mukimo. Kidogo tu limchome miguu. Akarudi kwa mafiga yake, na kukuambia anaogopa."

Mithika alikasirika, na hasira ya fundi huanza kwa mtumiaji. Hajui kulitumia, alisema, ataelekezwa. Cicily akaweka mkono kiunoni. "Wewe umewahi kuona mukimo ukipondwa?" Mithika alikuwa amekula mseto huo wa mahindi, viazi na mboga tangu aote meno, lakini tangu atahiriwe hakuwa ameona unavyopondwa.

Jumamosi iliyofuata alitafuta njia ya panya. Alimwomba mama apikie uani, ili yeye atazame bila kuvunja mila. Igoki akakubali. Aliponda akiwa amesimama, polepole, kwa adabu, na jiko likatulia tuli kwenye ardhi iliyosawazishwa. Mithika akaanza kutabasamu. Mama akamwonea huruma.

"Hapa sipiki," alisema. "Hapa nakuonyesha tu. Kupika ni huko ndani."

Mithika aliutazama mlango wa jikoni. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na minne, mzee wa kanisa, na moyo ulimdunda kama wa mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Watu wa rika lake wakisikia, watamcheka mpaka Krismasi.

"Ingia," Igoki akasema. "Kwa macho haya yangu, nikiulizwa nitasema sikukuona."

Ulikuwa utani, nao ulimchoma. Akainama, akaingia.

Kwanza alikohoa. Kikohozi kilipompa nafasi, aliona. Mama aliketi kwenye kigoda kifupi, magoti yakiwa juu kuliko sufuria. Wanawake wengi huepua sufuria kabla ya kuponda. Igoki aliponda papo hapo motoni, apendavyo yeye, mwiko mnene mikononi na uzito wote wa mwili juu yake. Nyayo zake zilibana mafiga mawili kwa nje ili sufuria isikimbie. Ilikuwa kazi ya mikono na miguu pamoja. Jiko la Mithika lilikuwa refu, jembamba, halina pa kuweka mguu. Alilitengeneza akiwa amesimama kibandani mwake Kinoru, akalipenda, akaliuza.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nililipima kwa kiuno changu."

"Niliona," Igoki akajibu akiendelea kuponda. "Lakini mtu atakataaje zawadi ya mtoto wake?"

Mithika akatoa kamba mfukoni. Alipima kigoda, akapima goti, akapima unyayo wa mama yake, jambo ambalo hakuwahi kuwaza atalifanya duniani. Kule Kinoru alilikata jiko likawa fupi, akalipanua kitako, akaweka meno matatu ya kushika sufuria, na chini kabisa akaunga vibati viwili vya kukanyagia. Mafundi wenzake walikuja kulitazama, wakaliita jiko la viatu. Aliwaacha wacheke.

Alipolipeleka hakuingia tena jikoni. Alikaa uani na kikombe cha chai, mahali pa mwanamume, akisikiliza. Ndani mwiko ulipiga, ukapiga, ukapiga kwa nguvu zaidi. Alingoja kishindo cha sufuria mpaka chai ikapoa mkononi. Kishindo hakikuja. Cicily alichungulia mlangoni akasema, "Limekataa kuanguka," na Mithika akashusha pumzi ndefu, akacheka peke yake bila kujali nani anamwona. Alikuwa na furaha, na alikuwa amechoka kwa hofu kuliko alivyojua.

Miezi mitatu baadaye Igoki alitoka jikoni akiwa na sahani ya mukimo. Hakupangusa macho kwa pindo la leso. Alimkabidhi mwanawe sahani, akasimama mbele yake, akamtazama kichwani kwa muda mrefu.

"Mithika," akasema, "hizi mvi umezipata lini?"

Alikuwa ameshakaa nazo miaka mitano.